Maduka matano, ziwa katikati: tukodi laini au tununue visanduku?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya familia inayouza nyavu, injini za boti na vipuri. Ofisi kuu iko Kirumba, Mwanza. Maduka yako Sengerema, Geita, Musoma, Bukoba na Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria. Kila duka linaingia kwenye seva ya Kirumba kupitia intaneti ya kawaida. Mtandao ukikata, mauzo yanaandikwa kwenye daftari, na jioni tunagombana kuhusu stoo. Kampuni moja imetuletea bei ya laini za kukodi za MPLS kwa maduka yote. Baba mdogo, ambaye ndiye bosi, ameiona karatasi akaifunika. Kampuni nyingine inasema MPLS imepitwa na wakati, tununue visanduku vyao vya SD-WAN. Binamu yangu aliyemaliza chuo mwaka jana anasema wote wanataka kutula hela, VPN ya bure, yaani programu ya kujenga njia ya siri juu ya intaneti ya kawaida, inatosha. Tumsikilize nani? Dada wa Kirumba.

Jibu: Dada, salamu kwako na kwa baba mdogo. Kabla sijamgusa yeyote kati ya hao watatu, kuna swali ambalo naona hakuna aliyewauliza: hiyo seva ya Kirumba, miaka mitatu ijayo bado itakuwa Kirumba? Laini hufuata mzigo. Ukijua mzigo unaelekea wapi, nusu ya ubishi wenu unakwisha.

Zamani kila kitu cha kampuni kilikaa makao makuu, kwa hiyo kila tawi lilivutiwa njia yake hadi makao makuu. Ndiyo iliyokuwa biashara ya laini za kukodi, zile za E1 zenye megabiti 2.048 kwa sekunde, ikaja Frame Relay, ikaja MPLS ambayo muundo wake rasmi ulichapishwa mwaka 2001. Kwenye MPLS, pakiti ya taarifa ikiingia mlangoni mwa mtandao wa kampuni ya simu inabandikwa lebo, na ruta za njiani husoma lebo hiyo tu na kuisukuma mbele, kama gunia lililoandikwa jina la stendi linakoshushiwa. Mteja anapewa njia yake iliyotengwa na ya wengine, na kwenye mkataba anaahidiwa mambo: pakiti ngapi zinaweza kupotea, safari itachukua milisekunde ngapi, laini ikikatika itarudi baada ya saa ngapi. Fedha nyingi kwenye ile karatasi aliyoifunika baba mdogo ni bei ya ahadi hizo.

Niseme jambo hapa kwa sababu wauzaji hulinyamazia. MPLS inatenga, lakini haifichi. Taarifa zako zinapita kwenye mitambo ya kampuni zikiwa wazi, isipokuwa mmezifunga wenyewe kwa usimbaji. Mtu akikwambia "laini yetu ni salama kuliko intaneti", muulize salama dhidi ya nani.

Ahadi hizo zilikuwa na thamani kubwa sana wakati intaneti yetu ya huku ziwani ilikuwa ya sahani. Setilaiti za VSAT zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi likipanda na jibu likirudi, zaidi ya nusu sekunde imekwenda, hata mvua isiponyesha. Mwaka 2009 nyaya za faiba za baharini za SEACOM zikatua Dar es Salaam, mwaka uliofuata zikaja za EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaendelea kutandazwa mikoani. Intaneti ya kawaida ikaanza kuwa nzuri kiasi cha kuaminika, kwa bei ambayo laini ya kukodi haiwezi kuifuata.

Jambo la pili ni kwamba mzigo ukahama. Barua pepe za kampuni zikaenda kwenye mitambo ya Microsoft na Google, programu za mahesabu zikafuata, malipo ni ya simu, na risiti za TRA zinapita kwenye intaneti. Sasa duka la Musoma likitaka kufungua barua pepe kwa kupitia laini ya MPLS hadi Kirumba, kisha Kirumba iitoe kwenye intaneti, ni sawa na kununua dagaa Musoma, kuwasafirisha hadi soko la Mwaloni Kirumba, na kuwarudisha Musoma kuuzwa. Hapo ndipo kampuni nyingi duniani zilipoanza kupunguza MPLS. Teknolojia yenyewe haikuharibika. Mzigo uliondoka makao makuu, na njia ikabaki ikielekea pasipokuwa na kitu.

Kwa hiyo huyo wa SD-WAN akisema MPLS imepitwa na wakati, anatia chumvi. Mabenki, migodi na hospitali bado wanailipia, na wana sababu zao. Kwa maduka ya nyavu na injini, mimi nisingeilipia.

Haya, SD-WAN. Jina limeenea tangu mwaka 2014 hivi. Kisanduku kinakaa kila duka na kuchomekwa laini mbili au tatu za aina yoyote: faiba, laini ya simu ya 4G, sahani. Juu ya kila laini kinajenga handaki lililofungwa kwa siri hadi visanduku vingine. Kisha, na hapa ndipo penye kazi halisi, kinapima kila handaki muda wote: pakiti ngapi zimepotea, zimechelewa kiasi gani, na kuchelewa huko kunayumba vipi. Sera unaiandika mahali pamoja: mauzo yapite kwenye njia iliyo bora sasa hivi, simu za ofisini zipite kwenye njia isiyoyumba, kamera na masasisho ya kompyuta yapite kwenye laini ya bei rahisi, na ikijaa yasubiri. Vingine vinaweza hata kutuma pakiti ileile kwenye njia mbili kwa wakati mmoja, inayofika kwanza ndiyo inayotumika. Fundi wa Mwanza anabadilisha sera ya Bukoba bila kupanda basi.

Utasikia pia neno SASE, lililoanzishwa na kampuni ya Gartner mwaka 2019. Maana yake ni kuunganisha SD-WAN na ulinzi unaotolewa kutoka kwenye mitambo ya mtoa huduma, ili mtumiaji alindwe popote alipo. Kwa watu wenye wafanyakazi mia tano waliotawanyika ni wazo zuri. Ninyi kusanyeni kwanza madeni ya wavuvi.

Tatizo la kisanduku ni kwamba hakitengenezi njia. Kinachagua tu kati ya zilizopo. Ukikipa laini moja mbovu, umenunua kipimo cha bei kali cha kukuambia laini yako ni mbovu. Ndiyo maana fedha ya kwanza niliyo nayo ningeiweka kwenye laini ya pili ya kila duka, kabla ya kisanduku.

Tuhesabu kidogo, wewe ni mhasibu utanielewa. Laini inayopatikana asilimia 98 ya muda inasikika nzuri, lakini ile asilimia 2 kwa mwaka ni zaidi ya saa 175, yaani siku saba na kitu. Laini mbili za namna hiyo, kama kukatika kwa moja hakuhusiani na kukatika kwa nyingine, zinakuwa zimekufa zote kwa pamoja asilimia 0.04 ya muda, kama saa tatu na nusu kwa mwaka mzima. Hakuna mkataba wa MPLS utakaoupata Nansio kwa bei ya laini mbili za kawaida ukakupa hivyo.

Lakini soma tena lile sharti: kama hazihusiani. Mimi limeniumiza. Niliwahi kumfungia mteja mmoja wa mjini hapa faiba mbili za kampuni mbili tofauti, nikajisifu. Mwezi wa pili, kijiko kilichokuwa kinachimba mtaro wa maji pembeni ya barabara kikakata zote mbili kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kampuni moja ilikuwa imekodi nafasi kwenye mfereji wa mwenzake. Nilikuwa nimenunua majina mawili na njia moja. Tangu siku hiyo nauliza maswali ya kuudhi: faiba yenu inaingia mtaani kwa upande upi, juu ya nguzo au chini, na mnara wenu wa 4G unalishwa na nini? Kwa sababu mnara nao una faiba yake, na mara nyingine ni ileile.

Wewe unayekwenda Sengerema unalijua hili bila kufundishwa. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, vivuko vya Kigongo vikikwama ulikuwa unazungukia kivuko cha Kamanga. Usingekubali mtu akuuzie tiketi mbili za kivuko kimoja akakwambia una njia mbili. Basi kwa kila duka: faiba kama ipo, na laini ya simu ya kampuni nyingine kabisa. Pale ambapo faiba haijafika, laini za kampuni mbili za simu zenye minara tofauti, na antena ya nje iliyoelekezwa mnarani badala ya modemu kuachwa nyuma ya makabati ya vipuri.

Nansio niizungumzie peke yake, maana huko ndiko mafundi wanakoaibika. Utakuja kuambiwa: "Tunarusha mawimbi kutoka mlima mmoja wa Mwanza hadi Nansio, maji hayana miti wala majengo, ni rahisi." Si rahisi. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 45. Kwa umbali huo mgongo wa dunia wenyewe unainuka kama mita 30 katikati ya njia. Juu yake mawimbi ya gigahezi 5.8 yanahitaji nafasi yao ya kupumulia, ambayo nusu kipenyo chake katikati ni kama mita 24, na angalau asilimia 60 ya hiyo isiguswe. Jumlisha: wastani wa urefu wa antena mbili uwe mita 44 juu ya maji, na hapo hujaacha akiba yoyote. Upande wa Mwanza kuna vilima. Upande wa pili utahitaji mnara.

Hayo ni mepesi. Gumu ni kwamba maji ni kioo. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, jingine linagonga uso wa ziwa na kufika likiwa limechelewa kidogo, na yakikutana vibaya yanauana. Alfajiri, hewa iliyolala juu ya maji ikitofautiana joto na iliyo juu yake, mambo yanabadilika kila dakika. Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka, kama lilivyopanda mwaka 2020. Laini inafanya kazi vizuri siku ya kukabidhiwa, saa saba mchana, fundi analipwa anaondoka. Wanaojua kazi hii huweka antena mbili kwa kimo tofauti kwenye mnara mmoja, ili moja ikipofuka nyingine ione, au huchagua sehemu ambayo kisiwa au kilima kinaziba lile wimbi la chini. Kama aliyewaletea bei hakutaja lolote kati ya hayo, mrudishie karatasi yake. Kwa duka moja la vipuri, laini mbili za simu ni akili zaidi kuliko mnara wenu wenyewe.

Sahani za kizazi kipya, za setilaiti zinazozunguka chini kama Starlink, ni habari nyingine. Zinapita kama kilomita 550 juu, kwa hiyo kuchelewa kunashuka hadi makumi ya milisekunde, na kisiwani zingefaa sana. Rwanda na Kenya huduma hiyo ilianza mwaka 2023, ndiyo maana mtu wa mpakani atakunong'oneza kwamba ana sahani. Usiichukue. Hapa kwetu mawasiliano yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na sahani iliyoandikishwa nchi ya jirani inaweza kuzimwa au kukamatwa siku ambayo stoo yote inaitegemea.

Sasa binamu. Mwambie nimempa maksi nyingi kuliko alivyotegemea. WireGuard, VPN ya bure ambayo nadhani ndiyo anayoisema, imeingizwa ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta wa Linux tangu Machi 2020, na ruta za MikroTik zenye toleo la 7 la programu yake zinaifahamu bila kulipia zaidi. Ruta hizo mafundi wa Mwanza wanazijua kwa kufumba macho. Maduka matano, laini mbili kila moja, handaki juu ya kila laini, na kanuni ya kuhamisha mzigo laini ikifa: kazi hiyo anaiweza, na mtapata sehemu kubwa ya faida ya kisanduku cha SD-WAN.

Aangalie mambo mawili asije akapoteza wiki. Laini za simu karibu zote hukaa nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo huwezi kuipigia duka la Geita kutoka nje. Duka ndilo litakalopiga Kirumba. Hivyo Kirumba iwe na anwani isiyobadilika, na maduka yatume salamu fupi kila sekunde 25 handaki lisifungwe. La pili, handaki linakula sehemu ya ukubwa wa pakiti. Ukiona barua fupi zinapita na ripoti ndefu zinaganda, punguza ukubwa wa pakiti hadi 1420 au chini yake kabla hujamlaumu mtu.

Asichoweza kukupa binamu ni kupima njia mbovu ambayo haijafa. Laini inayopoteza pakiti moja kati ya kumi bado inaitika ukiiita, na kanuni rahisi itaiacha iendelee wakati keshia anaangalia skrini iliyoganda. Kisanduku cha SD-WAN kingehama zamani. Pia binamu akipata ajira Dodoma, nenosiri linakwenda naye. Yaandikwe yote, na bahasha ikae kwako, kwenye kasha la risiti.

Sasa nirudi kwenye seva. Mkiihamishia kwenye mitambo ya nje, mtapumzika na umeme wa Kirumba, na kila duka litaifikia kwa njia yake bila kupitia kwenu. Ila chagueni mahali. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda Dar es Salaam na kurudi, tuseme faiba ya kilomita 1,200, ni milisekunde 12. Ulaya ni mara nyingi ya hapo. Afrika Kusini kuna vituo vya seva vya Microsoft tangu 2019, Amazon tangu 2020 na Google tangu 2024. Na mkumbuke Mei 2024. Tarehe 12, EASSy na SEACOM zilikatika zote baharini upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikaona intaneti ikitambaa. Duka la Geita kuongea na seva iliyo Kirumba au Dar es Salaam hakuhitaji bahari. Kuongea na seva ya ng'ambo kunaihitaji. Mimi ningetafuta kituo cha Dar es Salaam kwanza, nakala ya akiba ndiyo ikae nje. Na kwa kuwa mna majina na namba za wavuvi wanaokopa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu pia, hasa mkitaka kuzitoa nchini.

Kasi msihangaike nayo sana. Mauzo moja ni kilobaiti chache. Simu moja ya sauti haifiki kilobiti 100 kwa sekunde. Mlaji ni kamera: moja tu inaweza kula megabiti mbili hadi nne bila kupumzika. Baba mdogo akitaka kutazama maduka yote matano kwa pamoja akiwa nyumbani, picha zihifadhiwe dukani, aite anayoitaka.

Daftari lile linaloleta ugomvi halitokani na mtandao peke yake. Programu yenu inakataa kuuza isipoiona seva. Tafuteni inayohifadhi mauzo kwenye kompyuta ya duka na kuyapeleka njia ikirudi, yakiwa na saa na jina la keshia. Hata mkiwa na laini tatu, ifanyeni hii, na ifanyeni kabla ya zote.

Umeme: ruta na modemu mbili hazizidi wati 30. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu isiharibike, inazibeba kama saa 20. Na radi, mnazijua za ziwa hili, zinapiga usiku wakati hakuna mtu. Antena ya nje iwe na kizuia radi na ethi ya kweli ardhini, si waya uliofungwa kwenye nondo ya dirisha. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi radi; waya wa shaba unaotoka kwenye antena ndio unaoileta ndani.

Kwa hiyo anzeni na maduka mawili, Geita na Nansio, kwa mpango wa binamu. Pimeni kwa miezi mitatu, mkiandika kila kukatika na kila kuganda. Kuganda kukizidi kukatika, mwiteni yule wa SD-WAN na mumwonyeshe namba zenu, bei atakayowapa itakuwa tofauti na ya sasa. Na jaribio lenyewe msilifanye Jumapili duka likiwa limefungwa. Jumatatu saa nne asubuhi, wavuvi wamejaa kaunta, mpigie kijana wa Nansio achomoe laini ya kwanza bila kumwambia keshia. Keshia akiinua kichwa kuuliza kuna nini, kazi bado.